Wenyeji tuliwafunga wote wawili, fainali wakacheza wao

Fainali ya CHAN, michuano ya Afrika iliyoandaliwa na Kenya, Uganda na sisi Tanzania, ilichezwa pale Kasarani tarehe 30 Agosti 2025, na ilikuwa ya Morocco na Madagascar. Sasa rudi kwenye makundi. Morocco walifungwa na Kenya 1-0. Madagascar walifungwa na Tanzania 2-1, mabao yetu yote mawili ya Clement Mzize. Kenya wakaongoza kundi lao kwa pointi 10, sisi tukaongoza letu kwa pointi hizo hizo. Ilipofika robo fainali wale wawili wakabadilishana tu wenyeji: Madagascar wakaenda Nairobi kuwatoa Kenya, Morocco wakaja Dar es Salaam kututoa sisi. Siku moja, tarehe 22. Kesho yake Uganda nao wakalala 1-0 kwa Senegal, Namboole.

Kwa Mkapa hatoki mtu, tulizoea kusema. Safari hii Morocco walitoka, na nusu fainali mkononi. (Ule utani wa kocha wetu wa wakati huo, Hemed Suleiman "Morocco", kutolewa na Morocco umeshachakaa, tuuache.)

Najua maelezo yaliyofuata: bahati mbaya, refa, matuta ni kamari. Kuhusu Kenya naweza kukubali kidogo, maana walitoka kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1. Lakini kabla ya matuta kulikuwa na dakika 120, na hapo ndipo penye hoja yangu. Harambee Stars walicheza mechi tano kwenye mashindano yale na katika kila moja walifunga bao moja. Moja tu, mechi zote tano. Kwenye makundi bao moja linakutosha kabisa, unakusanya pointi na watu wanaimba. Kwenye mtoano unakuwa umemwambia beki wako asikosee hata mara moja, na kosa hilo moja likija huna akiba.

Sisi hatukuwa na nafuu. Tulimaliza makundi kwa 0-0 na Jamhuri ya Afrika ya Kati, tukacheka kwa sababu tulishafuzu, kisha tukamaliza robo fainali bila bao. Uganda ndio wa ajabu zaidi: mabao manane kwenye makundi, sifuri siku iliyohitajika. Morocco nao walifunga manane kwenye makundi, ila wao waliendelea kufunga.

Halafu msiniambie habari za maandalizi. Sudan, ambao vita ilisimamisha ligi yao mwaka 2023, ambao klabu zao Al Hilal na Al Merrikh zililazimika kwenda kucheza ligi ya Mauritania, waliwatoa Algeria kwa matuta pale Amaan wakaingia nusu fainali.

Tatizo letu ni namba tisa, mshambuliaji wa kati. Angalieni wafungaji bora wa Ligi Kuu yetu. Msimu wa 2022/23 kiatu kiligawanywa kati ya Fiston Mayele na Saido Ntibazonkiza, Mkongo na Mrundi. Uliofuata ni Aziz Ki, mabao 21. 2024/25 ni Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16. Mtanzania wa mwisho kabla ya hapo ni George Mpole akiwa Geita Gold, 2021/22. CHAN ni mashindano ya raia wanaocheza ligi za nchini mwao, hivyo siku ile ile unaondolewa wote wanaokufungia mwaka mzima. Unabaki na Mzize, aliyefunga 14 msimu huo na ambaye si haki kumbebesha nchi peke yake.

Sisemi wageni wafukuzwe. Ni hao hao waliosaidia Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na Simba kufika fainali hiyo hiyo 2025, na mimi niliyewatania Simba kwa jina la Mwakarobo, yaani wa kuishia robo fainali, sitajifanya sikuzifurahia zile safari. Ninachosema ni kwamba klabu inayosajili wageni 12 haina sababu ya kuwapanga washambuliaji wageni hata kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani dhidi ya timu ya daraja la chini. Ile ni mechi ya mtoano. Kijana akikosa pale, timu inatoka, na yeye anajua kwamba ni yeye. Hakuna mazoezi mengine yanayofundisha kitu hicho.

Tazameni bao la mwisho la fainali ile. Dakika ya 80, 2-2, Kasarani inachemka. Oussama Lamlioui anaupata mpira mbali kabisa na lango, anamwona kipa wa Madagascar amesogea mbele, anaupiga juu yake bila kuomba ushauri wa mtu. 3-2, kombe. Ndiye huyo huyo aliyetufunga dakika ya 65 kwa Mkapa, na aliondoka na mabao sita.

AFCON 2027 inakuja hapa hapa, nchi zile zile tatu. Wanaocheza nje wataruhusiwa, sawa. Lakini kabla ya hapo kuna misimu ya ligi, na kila wiki orodha za vikosi zitatoka saa moja kabla ya mechi. Mimi nitakuwa naangalia jina moja tu juu kabisa ya uwanja.