Chuo cha Ghorofani Kina Thamani, Ukijua la Kuuliza

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakitoka, makundi ya WhatsApp ya familia hujaa pongezi kwa wachache na kimya kwa wengi. Aliyeitwa Chuo Kikuu cha Nairobi huchangiwa karo na kuombewa. Aliyepata nafasi chuo cha kiufundi, au aliyejiandikisha katika chuo cha ghorofani, juu ya maduka pale Tom Mboya Street, Nairobi, huulizwa na shangazi zake kama "hakupata kitu kingine". Swali hilo huniudhi kila nikilisikia. Katika KCSE ya 2024 walifanya mtihani watahiniwa 962,512, na waliopata C+ au zaidi, gredi ya kusomea shahada, walikuwa 246,391. Ni kama robo. Hao wengine wote lazima waende mahali, na mahali penyewe mara nyingi hapana jina.

Maoni yangu ni kwamba chuo kisicho na jina kinafaa, na kwa kazi nyingi kinafaa sana, mradi kozi inatambuliwa na bodi inayosimamia kazi hiyo na chuo kinajua kukuingiza kazini ungali mwanafunzi. Hayo mawili yakikosekana, hata chuo chenye lango la marumaru kitakuacha ukizunguka mjini na bahasha.

Mimi nilisomea CPA, yaani uhasibu, jioni, katika chuo kilichokuwa juu ya duka la vitambaa karibu na River Road. Honi za matatu ziliingia darasani bila kubisha, na maktaba ilikuwa kabati moja la vitabu vilivyotolewa kopi. Lakini mwalimu wetu wa kodi alikuja moja kwa moja kutoka ofisini Upper Hill, tai imelegea, akachukua chaki akaanza. Alitufundisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, mtu ambaye mwenyewe alipaswa kuwasilisha ritani za wateja wake kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi, kwa hiyo alijua ni wapi watu hukosea, ni risiti gani KRA, mamlaka ya kodi, huikataa na kwa nini. Sijui chuo cha kifahari kingenipa nini zaidi kwa somo lile. Siku ya mtihani ilipofika, karatasi ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, ilikuwa ile ile kwa kila mtahiniwa nchini. Bodi hiyo, iliyoanzishwa 1969, haina karatasi ya waliosomea kwenye nyasi nzuri na nyingine ya waliosomea juu ya duka. Ukipita, unajisajili ICPAK, taasisi ya wahasibu, kama mwenzako yeyote.

Ndiyo maana nasema bodi kwanza, jina baadaye. Mtu anaweza kusomea uhandisi miaka mitano katika chuo kikuu kinachojulikana, kisha Bodi ya Wahandisi ikatae kumsajili kwa sababu kozi yenyewe haikuidhinishwa. Yamewahi kuwakuta wahitimu wa vyuo vikuu vya umma hapa Kenya, na kesi zikafika mahakamani. Kwa upande mwingine, aliyesomea uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, akafaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi anasajiliwa na diploma yake, na hakuna mgonjwa atakayemuuliza mbona hakwenda chuo kikuu.

Wanaonipinga husema jina lina uzito, na hapo wana hoja ambayo siwezi kuiruka. Mwaka 2002 wanauchumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi waliosoma vyuo vyenye sifa kubwa na wengine wenye uwezo kama wao waliosoma vyuo vya kawaida. Mishahara yao baadaye ilikaribiana sana. Wengi hunukuu hapo tu na kufunga mjadala. Lakini utafiti huo huo uliona kwamba watoto wa familia zenye kipato kidogo walipata mapato zaidi walipokwenda vyuo vyenye sifa.

Mimi naona jambo hilo kila siku hapa Nairobi. Kijana wa Lavington hahitaji chuo kimtambulishe kwa meneja; babake na meneja wanajuana tangu zamani. Kijana wa Kayole hana wa kumtaja. Kwake yeye chuo ndicho kingekuwa mjomba wake mjini, na huyu ndiye tunayempeleka kwenye vyuo visivyojuana na mwajiri yeyote.

Pita Enterprise Road au Lunga Lunga Road mwezi wa Mei uone. Vijana wanatembea geti hadi geti wakitafuta atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, viatu vimejaa vumbi, mkononi barua ya chuo na nakala ya bima. Soja, mlinzi wa geti, anaipokea barua kupitia kidirisha, anaiweka juu ya rundo la nyingine, anawaambia watapigiwa simu. Asiyepigiwa anakaa nyumbani muhula mzima, au analipia muhuri wa uongo ili fomu ijazwe. Halafu anamaliza diploma bila kuwahi kugusa mashine aliyoisomea. Chuo chenye mtu mmoja tu ambaye kazi yake ni kupigia viwanda simu na kuwatembelea wanafunzi huko waliko kina faida kubwa kwa kijana wa Kayole kuliko ukumbi mpya wa mahafali.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kulipa karo, panda hizo ngazi mwenyewe. Uliza cheti cha TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi, usome kozi gani zimeidhinishwa, maana chuo chaweza kusajiliwa na kozi yako isiwemo. Uliza wanafunzi wa mwaka jana walifanyia atachimenti wapi, na uombe kuzungumza na wawili wao. Matapeli wapo, na hawapendi swali hilo la mwisho.

Waajiri nao nina neno nao, kwa kuwa nimekaa kwenye vikao vya kuchuja maombi ya kazi. Rundo likiwa kubwa, mtu husema tuanze na wa vyuo vinavyojulikana, na wengine hawasomwi kabisa. Ni dhuluma, na ni hasara kwa kampuni. Tulipowaita watu wa vyuo mbalimbali na kuwapa daftari la pesa na taarifa ya benki wazilinganishe, waliojua kazi walitoka kila mahali, na waliokwama pia. Jaribio hilo halichukui hata saa moja.

Kila mwajiri tayari anatozwa ada ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, kwa ajili ya mafunzo ya kazini. Pesa unazitoa, basi fungua na geti. Mwambie soja akuletee lile rundo la barua lililoko kwenye kibanda chake, uchague hata mmoja wa chuo ambacho hujawahi kukisikia, na akija umkabidhi mtu wa kumfundisha, asiishie kutumwa chai.