Mpwa, Bisibisi na Kigurudumu cha Meno

Mzee mwenye gari alinieleza ugonjwa kwa maneno mawili: "Linawaka, linazima."

Mpwa wake akadakia: "Fundi, nimeshabadilisha plagi, koili, filta ya mafuta na pampu. Imebaki kubadilisha gari lenyewe."

Gari lilikuwa la mfumo wa kupulizia mafuta wa L-Jetronic wa Bosch, ule wa miaka ya 1970 unaopima hewa kwa kibao kinachosukumwa na hewa inayovutwa na injini. Kwenye magari ya mwanzo ya mfumo huo, "linawaka, linazima" si fumbo. Ukizungusha ufunguo, pampu ya mafuta inapata umeme kupitia waya wa stata. Ukiuachia, kazi hiyo inahamia kwenye swichi ndogo iliyomo ndani ya mita ya hewa. Kibao kikifunguka kidogo tu, swichi inaunga na pampu inaendelea. Kisipofunguka, pampu inanyamaza, na injini nayo haikawii. Imewekwa hivyo makusudi, ili gari likigonga na injini ikazima, pampu isibaki inamwaga mafuta barabarani.

Nikauliza: "Nani kafungua mita ya hewa?"

Mjomba akamtazama mpwa. Mpwa akatazama tairi.

"Sijafungua, fundi. Nimesafisha tu."

Kifuniko cheusi cha plastiki juu ya mita hugandishwa kwa silikoni tangu kiwandani. Hiki kilikuwa kimeshikwa na selotepu, tena ile ya kufungia zawadi. Nilipokinyanyua, kila kitu kilikuwa kinang'aa: mkono unaoteleza juu ya njia nyeusi ya kupimia, ile swichi ya pampu, na kigurudumu cha meno kilichobeba springi iliyojiviringa kama ya saa ya ukutani. Kigurudumu hicho kinazuiwa na kiwaya kigumu kilichoingia katikati ya meno, basi. Hakuna kingine kinachokizuia.

"Nilinyanyua hicho kiwaya nipitishe brashi," mpwa akaungama, "kikasema trrrrr!"

"Kikazunguka kiasi gani?"

"Sikuona. Nilikuwa nimesharuka nyuma."

"Halafu?"

"Nikakirudisha mpaka kikakaza vizuri."

"Kikakaza vizuri" ndiyo ugonjwa mzima. Springi ikikazwa mno, hewa ya sailensi, yaani injini ikinguruma taratibu bila resi, haina nguvu ya kusogeza kibao, kwa hiyo swichi ya pampu haiungi. Na hata ungelazimisha pampu, kompyuta inaona kibao kimefunguka kidogo, inadhani hewa ni kidogo, inapima mafuta kidogo. Springi ikilegezwa mambo yanageuka: mafuta yanazidi, moshi mweusi, plagi zinapakaa masizi. Jino moja tu injini inalisikia. Ndiyo maana kabla ya kugusa kiwaya unaweka alama ya rangi kwenye jino na kwenye bodi, kisha unakishika kigurudumu kwa kidole muda wote.

Nikatoa mita ya umeme. Kati ya pini 6 na 27 za mita ya hewa, sensa ya joto la hewa inatakiwa isome kati ya kiloomu (elfu za omu) 2 na 3 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi; ilikuwa sawa. Kati ya 36 na 39, yaani swichi ya pampu, kibao kikiwa kimefunga hakuna mawasiliano; ukikisukuma kidogo kwa kidole, yanaunga. Nayo sawa. Njia ya kupimia napendelea kuipima kwa mita ya mshale: sogeza kibao taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho na uangalie mshale. Ukiruka mahali, hapo njia imelika. Huu haukuruka. Yaani mpwa alikuwa ametupa pampu nzima na kuharibu kitu kilichokuwa kizima.

Ili nisikie injini inasemaje, nikaunga pini 36 na 39 za soketi kwa waya wenye fyuzi, pampu ifanye kazi bila ruhusa ya kibao. Injini ikawaka, ikatetemeka kama ilivyotarajiwa. Nikasema kwa sauti ya kusikika: "Hakuna kutia resi, na kila mtu akae mbali."

Nikainama kuchukua bisibisi. Nyuma yangu nikasikia: "Ngoja niipe resi kidogo, labda itafunguka."

Mchanganyiko wenye mafuta machache huwaka polepole. Moto unakuwa bado upo kwenye silinda wakati valvu ya kuingizia inapofunguka, na hapo unarudi kinyumenyume kwenye manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa, unakuta mchanganyiko mwingine unasubiri zamu yake.

BUU!

Kifuniko cha boksi la filta, ambacho mpwa "alikisafisha" bila kurudisha klipu, kiliondoka. Filta ikafuata. Kofia ya mpwa ikafuata filta. Paka aliyekuwa amelala chini ya gari hatujamwona tena siku ile. Mpwa akabaki amesimama, uso una vumbi la filta lote, mkono bado umeshika waya wa throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukitia resi.

Mzee akamtazama, akasema: "Hapo sasa pamesafishika."

Baada ya mlipuko wa namna hiyo usikimbilie kuwasha. Sukuma kibao kwa kidole hadi mwisho, kiachie: kirudi chenyewe, bila kugusa ukuta wala kukwama. Kikiwa kimepinda, tafuta mita nyingine, na namba ya Bosch inayoanza na 0 280 ifanane yote, si mwanzo tu. Bolti zinaweza kukubaliana huku vipimo vya ndani vimekataa. Kagua pia mpira wa hewa kati ya mita na throto, ndani ya mikunjo, kwa sababu hewa inayoingia hapo haipimwi. Kibao chetu kilipona. Bahati ya mpwa hiyo.

Alama haikuwepo, basi nikalegeza springi mpaka kibao kikawa kinajifunga chenyewe kwa upole, nikaongeza meno machache, nikaondoa ule waya, nikaacha injini ipate joto hadi valvu ya hewa ya ziada, ile ya injini baridi, ifunge. Kwanza nilifungua mfuniko wa oili: injini ikayumba, maana yake hakuna upenyo mwingine. Ndipo kipimo cha gesi kikaingia kwenye ekzosi. Kwenye mizunguko 2,500 hivi kwa dakika unarekebisha kwa kigurudumu, jino moja moja. Kwenye sailensi huendi tena kwa kigurudumu. Unatumia skrubu ya njia ya pembeni, inayopitisha hewa kidogo bila kugusa kibao. Ukiifunga, hewa nyingi zaidi inapita kwenye kibao na mafuta yanaongezeka. Ukimaliza sailensi unarudi 2,500, kwa kuwa kimoja kinagusa kingine. CO, yaani gesi ya kaboni monoksidi inayosomwa na kipimo, ifuate kibandiko kilichomo chini ya boneti.

Mwisho ni kifuniko. Silikoni iwe ile inayoruhusiwa karibu na sensa, utepe mwembamba, isidondokee ndani. Nilizungusha mara moja, nikaanza kufunga kopo.

Mzee alikuwa anamwangalia mpwa, ambaye naye alikuwa anakiangalia kizibo kidogo cha aluminiamu kinachofunika ile skrubu ya pembeni.

"Fundi," mzee akasema, "zungusha tena. Na hapo kwenye kizibo, paka pia."