Kibanio cha ringi: kununua au kujitengenezea?

Injini ya Perkins iliyomo kwenye trekta la Massey Ferguson 135 ina silinda tatu, kila moja na kipenyo cha milimita 91.44. Ringi mpya, yaani pete ya chuma inayozunguka pistoni, ikiwa huru huwa pana kuliko hapo kwa milimita kadhaa, kwa hiyo pistoni hairudi kwenye bloku mpaka ringi zake zote zibanwe kwa pamoja. Dukani kuna kibanio cha ukanda wa chuma unaokazwa kwa ufunguo. Fundi asiye nacho hukata bati la debe, akalizungushia pistoni, akakaza kwa klampu ya mpira wa rejeta, kisha akasukuma kwa mpini wa nyundo.

Wanaomtetea fundi huyo wana hoja nzito. Kibanio hufanya kazi dakika chache tu kwa kila pistoni, na mteja hakilipii. Fedha hiyo ikiongezwa kwenye ringi halisi, injini inafaidika zaidi. Tena ukanda wa bei rahisi hulegea meno, kingo zake zikapinda, na baada ya hapo haulishindi bati kwa lolote.

Mimi bati nalikataa, na sababu yangu ni kule kwenye maungio. Mahali bati linapojipanda lenyewe pana ngazi ndogo, na ringi hukwama hapo. Bati nalo ni laini. Ukingo wa ringi hulikwangua na kuacha unyuzi wa chuma unaoshuka na pistoni, ukachora silinda iliyotoka kusafishwa. Halafu bati lisipokaa sawasawa juu ya bloku, ringi hufunguka katika upenyo ule. Ringi ni chuma cha kusubu, haikunjiki, inavunjika. Niliwahi kusimama kando ya fundi ambaye pistoni yake iligoma, naye akaongeza nguvu ya nyundo. Ringi ya juu ilikatika, na pistoni ikang'oka kipande penye mfereji wake. Pistoni ikigoma, itoe uanze upya.

Lakini kujitengenezea si bati peke yake. Mpelekee fundi wa kukereza kipande cha bomba nene. Upande wa chini tundu lilingane na silinda yako, upande wa juu liwe pana zaidi kwa milimita nne au tano, na katikati mteremko laini uliopigwa msasa. Ringi hujibana zenyewe zikishuka, bila maungio wala klampu. Wengine hutaka kutumia slivu kuukuu ya injini ileile, yaani bomba linalovishwa ndani ya bloku kuwa ukuta wa silinda, ila slivu kavu, isiyoguswa na maji ya kupoza, ni nyembamba mno, haina nyama ya kutosha kutoa mteremko. Koni hiyo naiona bora kuliko ukanda wa dukani, kwa injini moja. Kasoro yake ni hiyohiyo moja: silinda ikipanuliwa kwenda saizi ya 0.50, yaani nusu milimita zaidi, inabidi ukereze nyingine. Gereji inayopokea leo Hiace, kesho pampu ya maji, inunue ukanda mzuri. Kwa bodaboda, mara nyingi vidole vinatosha, maana silinda ndiyo inayoshushwa juu ya pistoni na mdomo wake wa chini umeteremshwa tangu kiwandani.

Ubishi huu wa kibanio unafunika jambo kubwa zaidi, nalo ni pengo la ringi, yaani nafasi inayobaki kati ya ncha zake mbili ikiwa ndani ya silinda. Kwa kanuni ya mafundi ni kama milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, hivyo kwa Perkins hii ni karibu 0.37, ingawa kitabu cha injini ndicho chenye kauli ya mwisho. Pengo likiwa dogo mno, ncha zinagusana injini inapopata moto, ringi inakatika hata kama iliingizwa kwa koni safi kabisa. Kulipanua unaweza kwa tupa bapa iliyobanwa kwenye jiliwa, ukisugua kutoka nje kwenda ndani ili ngozi ngumu ya ringi isibanduke. Kulipima kwa jicho huwezi. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu ningemwambia anunue fila geji, yale mabapa membamba ya kupimia pengo, kibanio akakereze.