Joto la Julai katika Mto Merrimack: uvuvi wa straipa ufungwe au uruhusiwe?

Kila Julai ubishi huu hurudi katika pwani ya mashariki ya Marekani: maji yakishapata joto, ni sawa kuendelea kumvua straipa? Ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye mistari myeusi saba au minane ubavuni. Huzaliwa mtoni, hukulia baharini, na kila masika hupanda kaskazini kufuata chakula. Mto ninaouzungumzia ni Merrimack, unaopita Manchester ya New Hampshire, Lowell, Lawrence na Haverhill hadi kuingia baharini Newburyport, Massachusetts. Lowell na Manchester wanaishi Wakongomani na Wakenya wengi, kwa hiyo si ubishi wa wenye boti tu.

Wanaotaka uvuvi usimamishwe wakati wa joto wana hoja nzito. Tathmini iliyotolewa 2019 ilionyesha kuwa straipa wamevuliwa kupita kiasi, na tume ya majimbo ya pwani imejiwekea 2029 kuwa mwaka wa kuwarejesha. Ghuba ya Chesapeake, wanakozaliwa wengi wao, imekuwa ikitoa vifaranga wachache mno tangu 2019. Ndiyo maana tangu 2023 mvuvi wa burudani baharini anaruhusiwa samaki mmoja kwa siku, wa inchi 28 hadi chini ya 31, yaani kama sentimita 71 hadi 79. Waliobaki wote hurudishwa majini.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Wataalamu hukadiria kuwa katika kila samaki 100 wanaorudishwa, 9 hufa. Ni wachache ukiwatazama hivyo, lakini wanaorudishwa ni mamilioni. Mwaka 2020 vifo hivyo vilizidi nusu ya straipa wote waliokufa kwa uvuvi. Tena hiyo 9 ni makadirio ya jumla, yaliyotokana na utafiti uliofanywa kwenye maji ya chumvi. Maji yasiyo na chumvi na yenye joto huua zaidi, kwa sababu maji ya joto hubeba oksijeni kidogo huku mwili wa samaki ukiihitaji zaidi.

Mtazame straipa aliyevutwa kwa mshipi mwembamba mchana, chini ya bwawa la Lawrence. Anafika ukingoni amelala ubavu, matamvua yanafunguka na kufunga haraka haraka. Ananyanyuliwa kwa taya, anapigwa picha, kisha ya pili kwa kuwa ya kwanza imetoka na ukungu. Akiachiwa anapiga mkia na kuzama, na mvuvi anaondoka akiamini amemponya. Anaweza kufa baada ya saa kadhaa, mahali ambapo hakuna anayemwona. Kwa hofu hiyo, jimbo la Maryland kwa miaka kadhaa kuanzia 2021 ilifunga uvuvi wa straipa katika sehemu yake ya Chesapeake kuanzia 16 hadi 31 Julai, hata wa kumkamata na kumwachia.

Lakini Merrimack si Chesapeake. Mlangoni, Newburyport, maji yakijaa huleta ubaridi wa bahari, na samaki wakubwa hukaa hukohuko. Kufunga kwa kalenda kungemzuia mtu wa mlangoni alfajiri sawasawa na yule wa Lawrence saa nane mchana. Usimamizi nao ni mgumu, kwani chambo kilekile hukamata samaki wengine, na askari hawezi kusoma nia ya mtu.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya mvuvi wa kitoweo. Akipata mmoja halali na kwenda nyumbani, ameua mmoja. Anayekamata 30 na kuwaachia wote, kwa makadirio yaleyale, ameua karibu watatu, na bado ndiye anayesifiwa kuwa mhifadhi. Sioni haki hapo.

Kwa hiyo mimi nataka saa zifungwe, siyo mwezi. Jimbo la Montana hufanya hivyo kwenye mito yake ya trauti, samaki wa maji baridi: maji yakifika nyuzi 23 za Selsiasi siku tatu mfululizo, uvuvi husimama kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Merrimack inaweza kufuata utaratibu huo kuanzia Haverhill kwenda juu, na mlangoni pakaachwa wazi.

Najua uzito wake utamwangukia nani: mkazi wa Lawrence asiye na gari, anayetoka kazini mchana. Huyo atabakiwa na alfajiri, na ndiyo saa ambayo maji yamepoa na straipa wake wa pili, aliye mdogo mno kuchukuliwa, ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi akirudishwa.