Karen au Runda: bei iko kwenye udongo

Shemeji yangu ana shilingi milioni 100 hivi, na baada ya kuzunguka Nairobi miezi kadhaa amebaki na nyumba mbili za vyumba vitano, moja Karen na nyingine Runda. Bei karibu sawa. Ameniuliza ipi ni nafuu, na nimemwambia kwamba swali hilo halijibiki mpaka ajue kila nyumba imekalia ardhi kiasi gani.

Eka moja ya Runda huuzwa ghali kuliko eka ya Karen. Hata hivyo ploti za Runda kwa kawaida ni za nusu eka, ilhali Karen bado kuna nyumba nyingi za zamani zilizokaa kwenye eka nzima au zaidi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: eka ya Karen iwe milioni 60, ya Runda milioni 90. Nyumba ya Karen ya milioni 100 kwenye eka nzima ina milioni 60 za udongo na 40 za jengo. Ya Runda, kwa bei hiyo hiyo kwenye nusu eka, ina milioni 45 za udongo na 55 za jengo. Paa huvuja, mabomba hushika kutu, jiko hupitwa na wakati. Udongo hauchakai.

Hesabu hiyo hiyo, lakini, humgeuka mnunuzi wa Karen akiingia kwenye zile nyumba za geti moja, nne kwenye eka. Hapo anapata robo eka, bustani ya kukanyaga hatua kumi, na bei ambayo sehemu yake kubwa ni jina la mtaa. Kwa maoni yangu hapo ndipo watu wengi wanapoumia, maana madalali hutaja vyumba kwanza na ukubwa wa ploti mwisho, wakiulizwa.

Runda ina nguvu yake, nayo ni wapangaji. Makao makuu ya UNEP na UN-Habitat, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na makazi, yako Gigiri, dakika chache tu kutoka Runda, pamoja na ubalozi wa Marekani na balozi nyingine. Mpangaji wa aina hiyo mara nyingi kodi yake hulipwa na mwajiri, wakati mwingine kwa dola. Lakini mwenye nyumba anayetegemea Gigiri anategemea pia maamuzi ya Washington na New York. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake ya nje, waliokuwa wakifanya kazi kwenye miradi hiyo Nairobi walipoteza ajira kwa mkupuo. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa nao ukawa unapanga kuleta ofisi zaidi hapa. Mlango mmoja unafungwa, mwingine unafunguliwa, na mwenye nyumba hana ufunguo wa hata mmoja.

Maji nayo yaulizwe. Runda ina kampuni ya maji ya mtaa wenyewe. Karen wengi huongeza kisima, na maji ya visima vya Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi, kwa hiyo gharama ya kuyasafisha ni sehemu ya bei ya nyumba hata kama haimo kwenye tangazo.

Kinacholinda bei pande zote mbili ni jirani kuzuiwa kujenga ghorofa. Kileleshwa na Kilimani zilikuwa mitaa ya nyumba za bustani. Ruhusa ya ujenzi ilipolegezwa, ardhi ilipanda sana, na waliobaki kwenye nyumba zao wakapoteza jua na ukimya. Vyama vya wakazi vya Karen na Runda vinapigana hilo lisiwafikie. Runda ni ndogo, rahisi kulinda. Karen ni pana na mipaka yake inavutwa kila mwaka kuelekea Ngong.

Shemeji ana watoto watatu wadogo na kazi Upper Hill. Kwake nasema eka ya Karen, hata kama nyumba ni kuukuu, mradi atenge asilimia 4 ya bei kwa ushuru wa stempu, kodi ya serikali anayolipa mnunuzi, na fedha za kubadilisha paa. Angekuwa anatafuta nyumba ya kupangisha, ningempeleka Runda kesho asubuhi.