Nani atamwita bintiye Mtumwa?

Karibu mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezini. Mama yake alikuwa Mzigua. Nyumba yao iliishi kwa ufinyanzi, na binti alikua akitembeza vyungu huku akipaza sauti kuvinadi. Mwaka 1911 alihamia mjini. Sauti ile iliyozoea kunadi vyungu ikampandisha hadi barazani kwa matajiri, na huko mjini akapata jina jingine: Siti, neno la Kiarabu la kumwita bibi mwenye heshima zake. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri za nyimbo zake za taarabu, na tangu hapo Afrika Mashariki ikamjua kwa jina la Siti binti Saad. Mtumwa akabaki Fumba.

Nimeanza na huyu kwa sababu kisa chake kina kila kitu kinachofanya jina hili liwe gumu. Siku hizi Mtumwa ni jina la nadra. Ukilikuta, aghalabu ni la bibi wa makamo ya juu wa Unguja, Pemba au Mrima, yaani pwani ya bara, au limebaki mwishoni mwa majina matatu ya mtu, alama ya babu au bibi aliyekwisha tangulia. Kumkuta mtoto mchanga anayeitwa hivyo ni bahati nasibu. Hata hivyo suala lenyewe halijazikwa, maana sisi watu wa pwani hurithishana majina. Mjukuu hupewa jina la bibi yake, wakawa wajina, na bibi humwona mtoto yule kama yeye mwenyewe aliyerudi mdogo. Basi siku anapozaliwa mtoto wa kike katika nyumba ambayo bibi ni Mtumwa, ukoo hauna pa kukimbilia. Lazima uamue.

Wanaolitetea jina huanza na lugha yenyewe, na lugha iko upande wao. Mzizi ni *tuma*. Anayetumwa ni mtumwa, kama anayependwa alivyo mpendwa. Kwenye mzizi huohuo limeota neno mtume, ambalo hakuna Mwislamu wala Mkristo anayelitamka bila heshima, na limeota pia neno mtumishi. Katika Biblia ya Kiswahili, Waraka kwa Warumi unafunguka kwa Paulo kujiita mtumwa wa Kristo Yesu, kisha papo hapo, katika aya hiyohiyo, anasema ameitwa kuwa mtume. Maneno mawili ya mzizi mmoja yamekaa ubavu kwa ubavu, na Paulo hayaonei haya yote mawili.

Watetezi hawaishii hapo. Wanauliza: mbona Abdallah hatumkimbii? Abdi kwa Kiarabu ni mtumwa, na kwa mujibu wa hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, majina yanayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdulrahman. Kwa wasichana lipo Amatullah, mjakazi wa Mungu. Mzazi anayempa mwanawe jina la Abdallah amempa utumwa kwa Kiarabu, na watu wakampongeza. Anayesema Mtumwa kwa Kiswahili, watu wakainamisha macho. Kwa nini lugha yetu ndiyo ibebe aibu, na lugha ya wengine ibebe ucha Mungu?

Hoja hii nimeigeuza kichwani mara nyingi. Naipenda, lakini hainitoshi. Abdallah ni jina lililokamilika: limemtaja mtumwa, likamtaja na anayemtumikia. Paulo naye hakusema "mimi ni mtumwa" akanyamaza. Alimtaja wa nani. Jina la Mtumwa limeacha nafasi hiyo wazi. Mtumwa wa nani? Fumba ya mwaka 1880 ilikuwa na jibu lake la siku zote, na jibu hilo halikuwa Mungu. Lilikuwa mtu mwenye mashamba ya karafuu na minazi.

Tukumbuke tarehe. Mwezi Juni mwaka 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Leo pamesimama kanisa kuu la Kianglikana. Lakini kufunga soko hakukumwachia huru aliyekwisha nunuliwa. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi Aprili 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Bara, Tanganyika, sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1922. Kwa hiyo mtoto yule wa Fumba alipewa jina lake katika miaka ambayo biashara ilikuwa haramu baharini na milki ya mtu bado ilikuwa halali nchi kavu. Kumwita mtoto Mtumwa wakati ule hakukuwa fumbo la kiroho. Neno hilo lilikuwa na bei.

Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na msamiati mpana wa kupanga watu: mwungwana juu, kisha mzalia aliyezaliwa katika nyumba ya bwana, mtwana kwa mwanamume, mjakazi kwa mwanamke, suria chumbani. Mavazi nayo yalisema. Kaniki, kitambaa cheusi cha bei rahisi, ilimtambulisha mtumwa na maskini kabla hajafungua kinywa. Wapinzani wa Siti walipotaka kumuumiza, walimtungia kijembe kwamba alitoka shamba amevaa kaniki, na kwamba kama si sauti asingekuwa na cha kula. Alikuwa tayari mashuhuri, mwenye santuri zinazouzwa nchi za mbali, na bado silaha iliyofikiriwa kuwa kali kuliko zote ilikuwa kumrudisha Fumba. Nani atamlaumu kwa kuliacha jina la kwanza?

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu, na una hoja za dini pia. Mtume Muhammad aliwakataza watu kumwita mtu "mtumwa wangu" au "mjakazi wangu", akawaelekeza waseme kijana wangu, binti wangu. Na alipokutana na mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya mwasi, alimbadilisha jina akamwita Jamila. (Huyu si Asiya mke wa Farao, ambaye jina lake kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine.) Kwa hiyo anayesema jina baya libadilishwe hatoi fikra ya kizungu wala ya kisasa. Amesimama juu ya mfano mkongwe.

Ila kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita mbio, nami naona ndilo lenye uzito zaidi. Tunadhani jina la Mtumwa lilitoka kinywani mwa bwana. Si lazima. Mabwana wa pwani waliwapa watumwa wao majina kama Feruzi, Mabruki na Baraka, majina ya vito na ya heri, kama mtu anavyokipamba kitu chake. Wazazi, kwa upande wao, wana sababu nyingine za kuchagua jina linaloshusha. Wajaluo humwita Awiti mtoto wa kike, na Owiti wa kiume, aliyezaliwa baada ya nduguze kufa. Maana yake ni aliyetupwa. Wakamba wana Mbiti, yaani fisi. Na Wahausa wa Afrika Magharibi humpa mtoto wa namna hiyo jina la Bawa, ambalo tafsiri yake hasa ni mtumwa. Mama aliyezika watoto wawili au watatu anamwambia Kifo: huyu si kitu, huyu si wangu, mpite.

Sisemi kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila Mtumwa wa pwani. Nasema kwamba jina lilelile linaweza kuwa chapa iliyopigwa na mwenye nguvu, au ngao iliyoshikwa na mama asiye na nguvu yoyote isipokuwa maneno. Ukilisikia kwenye orodha ya majina huwezi kutofautisha. Unahitaji kumuuliza mwenye jina, na wenye jina wanazidi kuondoka.

Ndiyo maana nasita ninaposikia vijana wakishauri majina haya yafutwe hata kwa waliokwisha kufa: bibi aandikwe Mwanaidi au Khadija kwenye kumbukumbu za ukoo, jambo liishe. Kwanza, kuna hasara ya dunia hii. Aliyewahi kufuatilia mirathi anajua jina linapotofautiana kati ya cheti cha kifo, hati ya kiwanja na kitambulisho, warithi wanavyoanza kuhangaika na viapo mahakamani kuthibitisha kwamba watu watatu wa kwenye karatasi ni bibi mmoja. Pili, na hili linaniuma zaidi, jina hilo huenda ndilo ushahidi pekee uliobaki wa maisha yake. Wanawake wa tabaka lile hawakuacha barua wala nyumba za mawe. Waliacha watoto na jina. Ukilisafisha jina, umewasafishia waliomtumikisha.

Linganisha na mwanamke mwingine wa Unguja. Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Kidude ni kitu kidogo kisichostahili hata kutajwa. Hilo nalo ni jina la kushusha, lakini hakulivua. Alipanda nalo jukwaani akiwa bibi kizee, akaziimba na nyimbo za Siti, na watu wa nchi za mbali wakajifunza kulitamka kwa heshima. Siti alipanda kwa kuliacha jina lake la utotoni. Kidude alilipandisha jina lenyewe. Sioni kwamba mmoja alikosea. Lakini naiona tofauti: kidude hajawahi kuuzwa sokoni. Neno lile lilidharau, halikumiliki mtu. Kulibeba Mtumwa hadi juu vile ni kazi nzito zaidi, na si haki kumtwisha mtoto wa siku saba kazi ambayo mtu mzima mwenye kipaji cha Siti aliitua.

Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, kupitia chama chao cha TAMWA, walipoanzisha jarida mwishoni mwa miaka ya 1980, waliliita Sauti ya Siti. Chaguo zuri, sina neno nalo. Ila najiuliza lingekuwa na ukali gani kama jalada lingesema Sauti ya Mtumwa, kwa sababu ile sauti ilikomaa ikinadi vyungu, kabla ya Siti kuwapo.

Basi ukoo ufanye nini? Mimi nisingempa mtoto jina hili liwe la kwanza, la kuitiwa darasani na kwenye foleni ya zahanati. Hoja ya sarufi ni ya kweli, lakini mwalimu anapoita "Mtumwa!" watoto arobaini hawasikii mzizi wa kitenzi. Wanasikia somo la historia la wiki iliyopita, minyororo na msafara. Neno huishi kwa jinsi linavyosikika, na hili limesikika hivyo kwa zaidi ya miaka mia. Pengine litakuja kupona. Kulipima kupona kwake juu ya mtoto ni ukatili mdogo ambao hatuna haja nao.

Lakini ningempa liwe jina la nyumbani. Pwani mtu kuwa na jina la vyetini na jina analoitwa na wazee wake si jambo geni. Wengi tumekua hivyo. Mtoto aitwe Subira au Rukia kwenye karatasi, na bibi amwite wajina. Akifika umri wa kuuliza kwa nini bibi na yeye wanaitana hivyo, aketishwe aelezwe: bibi wa bibi alikuwa nani, alilima shamba la nani, alizaa wangapi wakabaki wangapi. Na kama bibi bado yu hai, aanze yeye kuulizwa, wiki hii, maana ndiye pekee anayejua kama jina lake lilikuwa chapa au ngao.