Kushona tunajua, kukata ndo shida

Kila nikisikia kikundi cha kina mama kimekabidhiwa vyarahani, picha zishapigwa na makofi yashapigwa, mie huuliza suali moja tu: nani atawafundisha kukata?

Maana kushona hapa Unguja watu wanajua wallahi. Nenda Darajani kumi la mwisho la Ramadhani uone mafundi wanavyokesha, kanzu inatoka saa nane usiku na darizi lake shingoni limenyooka. Lakini ile nguo ya mtu mmoja, umekuja, umepimwa, ni yako wewe.

Oda ya jumla mambo mengine. Mwaka jana dada yangu na wenzake watatu huko Jang'ombe walipata mashati 60 ya wafanyakazi wa hoteli moja ya shamba, basi furaha hiyo, wakagawana kitambaa kila mtu akakate kwake, huyu anakata kwa jicho, yule kalaza shati kuukuu juu anachora kwa kipande cha sabuni. Siku ya kupeleka ikawa midiamu ya huyu ndo laji ya yule. Na kitambaa chenyewe pamba, hakuna alokiroweka kabla ya kukata, kufuliwa mara moja tu mashati yakapanda juu ya kiuno. Yakarudi 23. Meneja wala hakugomba, oda ya pili akapeleka Dar.

Sasa hapo cherehani ina kosa gani? Kilichokosekana ni patani moja, yaani kigezo cha kukatia cha karatasi ngumu, mtu anaejua kuikuza na kuipunguza kwa saizi, kitambaa kilazwe tabaka kwa tabaka kikatwe pamoja, halafu mmoja ashone kola tu kutwa nzima na mwengine mikono, kama viwandani. Hata sindano, namba 11 ya kitambaa chepesi wao wametia 16 ya jinzi, matundu yanaonekana.

Vituo vya mafunzo ya amali tunavyo, Pemba pia. Ila vijana waliomaliza ushonaji niliokutana nao mie wanakushonea gauni zuri mashaallah, ukiwaambia watoe saizi tano kwenye patani moja wanakutazama. Na cherehani ya Juki ikiharibika wanasubiri fundi mmoja anaezunguka mji mzima kwa vespa.

Yale 23 dada kayagawa kwa ndugu. Langu nimelivaa hapa naandika, mkono wa kulia unafika kwenye saa, wa kushoto umeishia karibu na kiwiko.